Wimbo Niliomtungia Minza

Jumatatu, 1 Julai

Umerudi. Aibu huna. Tangu palizi ya mahindi hujaligusa daftari hili, mwanamke wewe, mpaka panya wameanza kula pembe zake. Uliahidi utaandika kila Jumapili baada ya misa. Ulikuwa wapi? Kuumwa hukuumwa. Ulikuwa unakwepa. Humu unasoma wewe peke yako, kwa hiyo usijidanganye.

Haya. Leo nimekata viazi vya michembe, vipande vya kukausha juani, tangu asubuhi, madebe mawili. Vidole vyeusi kwa utomvu. Limi akapiga simu nikiwa katikati.

Limi ni binti wa Masanja, mwanangu wa kwanza. Yuko chuo, Shinyanga. Kuandika kwangu ni kazi yake. Mimi shule sikuikanyaga. Alipokuwa darasa la pili alirudi kila siku kunichorea herufi kwenye vumbi, mimi naiga kwa kijiti, na nikikosea ananifokea. Nampenda mtoto yule mpaka nasikia hasira.

Kundi lao la sanaa linakwenda Mwanza. Wataona makumbusho, wachoraji, maigizo. Alhamisi watacheza ngoma mbele ya wenyeji na mwalimu atawapa alama za mwaka. Wanataka niende nao kwa kuwa wimbo ni wangu. Niliuimba Pasaka, Limi akaurekodi kwenye simu, wenzake wakaukariri.

Nimekubali haraka mno. Nimecheka kwenye simu kama msichana. Nikarudi kwenye viazi, nikajikata.

Sikumwambia Limi kwamba wimbo ule ni matusi. Wala kwamba aliyetukanwa ni mtu kweli.

Jumanne, 2 Julai

Segese mpaka Kahama, Kahama mpaka Shinyanga. Mgongo umekufa. Wanafunzi ishirini na mbili wamenipokea kwa shikamoo moja kubwa kama wimbo wa taifa. Nimeitika marahaba mpaka koo likakauka. Mmoja amenivua viatu, mwingine ameleta maji ya kunawa. Watoto wazuri. Wembamba mno. Hawali.

Wakafanya mazoezi uani. Limi anaongoza. Sauti yake ni ile yangu ya zamani, ila safi zaidi. Nusu yao si Wasukuma. Wanayatoa maneno kama wanavyoyasikia. Limi mwenyewe Kisukuma chake ni cha kuombea chumvi tu, mjini amekaa sana.

Maneno yenyewe kwa Kiswahili ni haya: Minza, nyumba yako imefagiliwa vizuri. Hakuna wa kuichafua. Fagia, Minza, fagia mpaka uzeeke.

Mwalimu wao, kijana wa Moshi mwenye adabu, amesoma ratiba. Ameandika kwamba ni wimbo wa kuhimiza usafi wa nyumba. Akaniuliza kama amepatia. Nikamwambia ndiyo, mwalimu.

Ndiyo, mwalimu. Mzee mzima.

Jumatano, 3 Julai

Mwanza. Mawe juu ya mawe, na nyumba juu ya mawe. Sijui wanapandaje na mizigo.

Asubuhi tumekwenda kwenye banda la wachoraji, Kirumba. Wanachora ng'ombe wa rangi ya bluu. Nikamwambia mchoraji ng'ombe wa hivyo simnunui. Wanafunzi wakacheka sana, naye akacheka. Akanichora mimi kwa mkaa, dakika chache tu. Amenipa uso mkali. Ni wangu.

Mchana makumbusho. Ngoma kubwa zile, njuga, vigoda. Nimezigusa kabla hawajanikataza. Limi akamwambia mama anayetembeza wageni kwamba bibi yake alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Yule mama akafurahi. Akasema basi kesho nitakutana na mwenzangu. Kuna ningi mmoja mzee hapa jijini, anafundisha wasichana nyimbo, wamemwalika akae kiti cha mbele. Naye anatoka upande wa Segese. Anaitwa Minza.

Nikasema simjui.

Nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe. Limi akaleta maji, akadhani ni jua.

Sasa andika yote. Kwa miaka yote hii hujayaandika.

Enzi zetu, mavuno yakiisha, ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja. Watu wanahama kwenda upande unaowafurahisha. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kutukanana kwenye wimbo ni halali, na kesho mnachota maji pamoja. Mimi ningi wa upande wetu, Minza wa upande wa pili. Miaka mitatu mfululizo alinimalizia watu. Nilibaki na wapiga ngoma wangu na mbwa.

Lakini tulikuwa marafiki. Alinisuka nywele. Alimpokea Masanja mikononi kabla baba yake hajamwona. Siku moja kisimani akanieleza kwamba amepoteza mimba ya tatu. Mumewe hakujua. Aliniambia mimi tu. Alilia mpaka nikamshika kichwa.

Mwaka ule nikatunga wimbo ule, wa nyumba isiyo na mtoto wa kuichafua.

Uwanja mzima ulihamia kwangu. Wote. Minza alicheka mwanzoni, akidhani ni matusi ya kawaida. Kisha akaacha kucheka. Alinitazama mimi, wala hakuwatazama watu. Na mimi nikaongeza sauti. Nilimwona, nikaongeza sauti.

Watoto wakamwimbia kisimani. Ndugu za mumewe wakamwimbia jikoni. Kabla ya mvua za kwanza alikuwa ameondoka. Sikumtafuta. Nilisema ngoma ni ngoma.

Alhamisi, 4 Julai, asubuhi

Limi ananyoosha vitenge vya wenzake, anaimba. Mara mbili nimefungua mdomo. Mara mbili nimeuliza habari za chai.

Mwoga. Andika hivyo.

Alhamisi, jioni

Nilimwambia Limi saa moja kabla. Tulikuwa nyuma ya pazia, keshavaa njuga. Nilimwambia wimbo unasemaje, ni wa nani, na kwamba mwenyewe ameketi pale mbele, kitambaa cheupe kichwani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Bibi, miezi mitatu tunamtukana mtu, na hukuniambia."

Halafu akavua njuga. Akaenda kwa mwalimu. Nikaona mwalimu anashika kichwa. Wimbo mwingine hawakuwa nao. Alama za watoto wale zilikuwa juu ya wimbo ule. Wakaamua watapiga ngoma na kucheza bila kuimba. Mmoja alilia. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikamwomba yule mama wa makumbusho amlete Minza nyuma. Akaja na mkongojo. Amekonda. Macho ni yale yale. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikaanza kusema pole. Akaniacha niseme mpaka mwisho.

Akasema, "Holo." Hakuna mwingine aliye hai anayeniita jina hilo. "Matusi uliyaimba uwanjani, nchi nzima ikisikia. Radhi unakuja kuniomba nyuma ya pazia?"

Akarudi kwenye kiti chake.

Basi nikapanda. Sikuwaza. Ningewaza ningekimbia. Nikasimama mbele ya wapiga ngoma, watu wengi, simu zimeinuliwa. Nikasema kwa Kisukuma, maana Kiswahili changu kinanikimbia nikitetemeka. Mstari wa kwanza tu nikasikia sauti pembeni yangu. Limi. Kisukuma kigumu kinampita, lakini nilikuwa nimeshamwambia yote kwa Kiswahili, naye akawatafsiria watu. Kwamba bibi yake alitunga wimbo. Kwamba alimtukana rafiki kwa siri aliyopewa kisimani. Kwamba alimwona anaumia akaongeza sauti. Hakupunguza hata neno. Pale niliponyamaza kwa aibu, alisubiri. Akanishika kiwiko, akasubiri.

Wengine waliguna. Kijana mmoja nyuma alisema kwa sauti bibi huyu ni nyoka. Ni kweli, nilitaka kumwambia.

Minza hakupiga makofi wala hakulia. Watoto wakapiga ngoma yao bila wimbo. Walicheza vibaya, miguu imelegea. Yeye akawatazama wote mpaka mwisho, akimtazama kila mmoja vizuri, kama mwalimu.

Baadaye aliniita kwa kidole. Nikaenda. Akasema wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, mzuri kuliko wowote wa kwake, na hilo nalo lilimuuma miaka mingi. Nusura nicheke. Nusura naye acheke. Hatukucheka.

Kisha akasema, "Mtoto sikupata, Holo. Ujue hivyo, usijifariji. Uliyosema leo nimeyasikia. Kusamehe, bado sijui. Njoo kwangu, ukae siku kadhaa, nikuangalie."

Akamwambia Limi anapokaa. Hakuniambia mimi. Akamgusa Limi shavuni, akaondoka.

Ijumaa, 5 Julai

Kwenye Kosta hakuna aliyeimba. Limi alikaa siti ya mbele na mwalimu. Mimi nyuma na mabegi na ngoma.

Tulipofika chuoni mwalimu alinisogelea. Akasema atawapa kazi nyingine ya kuandika, alama zitapatikana, nisiwe na wasiwasi. Akaniita mama. Nilitaka ardhi inimeze kwa upole wake.

Limi akanisindikiza stendi. Akaninunulia mkate na soda. Akasubiri mpaka basi lilipowaka. Akasema rekodi ameifuta. Nikasema vizuri. Akasema yeye alikuwa anaipenda. Nikasema najua.

Jumamosi, 6 Julai

Nyumbani. Jirani aligeuza michembe yangu kama nilivyomwomba. Imekauka vizuri, ila kuku wameila upande mmoja.

Nimechota maji. Nimepika uji, nusu nimemwaga. Nyumba kimya.

Limi amepiga simu mchana. Ameuliza kama nimefika salama na kama nimekula. Nimesema nimekula. Akasema, "Bibi, usinidanganye." Nikacheka kidogo, naye akakaa kwenye simu mpaka salio likaisha.

Kisha akatuma ujumbe. Mtaa, rangi ya geti, na jina la duka lililo jirani. Hakuna salamu, hayo tu. Nimeyanakili humu kwenye ukurasa wa nyuma, kwa herufi kubwa.

Sasa sikiliza, mwanamke. Najua tabia yako. Utalifunga daftari hili, utasema kwanza dengu, kwanza paa, kwanza mvua. Utakaporudi hapa usianze na habari za mvua. Neno la kwanza uandike kama umekwenda kwa Minza. Kama hujaenda, usiandike kitu. Lifunge, vaa viatu, nenda kapande basi.