Mistari Miwili ya Jumatano

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tena. Watalii wachache, ofisi imepoa. Nimepokea redio za madereva mara sita, nikaandika kitabuni, nikarudi kwenye mchezo wangu wa kompyuta. Niko chumba cha kumi na moja. Mchezo wenyewe hauna picha wala sauti. Maandishi matupu kwenye ukurasa mweupe: uko koridoni, kuna giza, kuna milango miwili. Unaandika unachotaka kufanya, unajibiwa. Rehema, niliyesoma naye chuo Arusha, ndiye aliyenitumia. Alisema huu ni wa watu wa ofisini, na ni kweli. Mzee Sulle, bosi wangu, kapita nyuma yangu mara mbili. Mara ya pili akasema, "Dada Selina, leo unachapa kweli kweli." Anadhani ni barua za mahoteli. Nilicheka kimoyomoyo mpaka machozi.

Jumanne, 16 Aprili

Mzee Sulle katusomea tena sheria yake. Tunaijua kama sala ya Baba Yetu. Dereva akiondoka Nainokanoka, juu kabisa hifadhini, anaita kwa redio. Akifika ukingo wa kreta anaita. Akitoka geti la hifadhi, Lodoare, anaita. Mimi huku Karatu naandika saa kitabuni. Saa moja ikipita zaidi ya muda wake bila kuita, nawaambia askari wa hifadhi na gari lingine linageuza kumtafuta. Kule juu simu hazishiki.

Sawa. Ila wanafika muda ule ule kila siku. Siku hizi najaza mistari yao mapema, kabla hawajaita, kitabu kikae safi. Mara tatu mwezi huu, hakuna aliyejua. Sauti ya redio nayo nimeipunguza. Inakwaruza, inanitoa kwenye mawazo.

Jumatano, 17 Aprili

Nimevuka chumba cha kumi na nne! Kisima kilinikwamisha saa mbili nzima.

Baba Martha, dereva wetu wa siku nyingi, alikuwa peke yake garini, kapeleka vyakula kwenye kambi ya wageni wa kutembea kwa miguu, Nainokanoka. Aliita akiondoka, saa tisa na dakika ishirini. Ukingoni na getini nimemjazia mwenyewe. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja na robo. Nimefunga ofisi. Ukungu umeshuka mpaka mjini, bodaboda walikuwa wanapiga honi bila kuonana.

Alhamisi, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi Baba Martha hakuonekana. Hakuna aliyeshtuka. Akichelewa huwa anaondoka na gari hadi chumba alichopanga, na mke wake yuko shambani Baray. Saa nne askari wa hifadhi wakapiga simu. Wafugaji wa Nainokanoka waliokuwa wanatoa ng'ombe wamelikuta gari letu limepinduka korongoni, kabla ya kufika ukingoni. Yuko hai. Mguu umevunjika mara mbili, amelala na baridi ile usiku kucha.

Mzee Sulle akafungua kitabu. Kidole chake kikatembea mpaka kwenye mwandiko wangu. "Hapa ametoka geti saa kumi na moja na robo. Sasa alirudi ndani ya hifadhi kufanya nini?"

Madereva wote walinitazama. Ningesema pale pale. Nikasema, "Sijui, Mzee."

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu baba afe.

Ijumaa, 19 Aprili

Maneno yameshaenea. Kwamba Baba Martha aliingia tena kwa njia za panya kubeba nyama pori. Wengine wanasema ni nguzo za msituni. Watu aliokula nao ugali miaka tisa ndio wanaosema. Mzee Sulle alimfuata hospitali jana jioni. Baba Martha kaapa kwamba hakufika getini. Mzee kamjibu kwamba kitabu hakina ugomvi na mtu.

Kisha akaniletea barua ya kumfukuza kazi, kwa mwandiko wake, nichape. Nimeichapa. Jina lake kamili, miaka ya utumishi, "kuvunja uaminifu." Mzee alisimama nyuma yangu akisoma, na safari hii ilikuwa barua kweli.

Itatolewa Jumatatu. Mzee anasubiri kwanza orodha ya magari kutoka getini, aiambatanishe. Orodha ile haitakuwa na gari letu. Jumatatu watajua. Ikichelewa kuja, mtu atakosa kazi kwa mistari niliyoitunga mimi. Sijui ninaombea lipi, na hilo nalo linanitisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimefuta mchezo. Nimeufuta hata kwenye takataka za kompyuta. Kabla haujafutika ulionyesha lini ulihifadhiwa mara ya mwisho: Jumatano, saa kumi na dakika hamsini. Kwenye kitabu, wakati huo Baba Martha alikuwa njiani kati ya ukingo na geti.

Niliwaza kuchana ukurasa. Kurasa zina namba. Niliwaza kusema aliita mtu mwingine, sauti zinafanana. Nani? Magari mengine yote yalikuwa uani.

Sijala. Mama kaniuliza, nikasema ni malaria. Kaninunulia dawa kwa hela yake. Nimezimeza mbele yake, maana sikuwa na la kufanya.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya misa nilikwenda hospitali. Nilizunguka jengo mara mbili kabla ya kuingia.

Mama Martha yupo, kafika kutoka Baray na tope lake miguuni. Alinipisha kiti chake, akakaa pembeni ya kitanda. Akanishukuru kwa kuja. Akanimiminia uji, kikombe tele. Nilikunywa. Niliumaliza wote.

Baba Martha kawa mdogo. Midomo imepasuka kwa baridi. Hakuninung'unikia hata neno. Anadhani mlima uliziba redio yake.

"Niliita, mdogo wangu. Niliita mpaka betri ikafa. Mwanzoni ningeweza kujikokota hadi barabarani, mguu ulikuwa haujavimba. Lakini nikasema nitulie, nisijiumize zaidi. Saa moja siyo nyingi, Selina anahesabu."

Alikaa kwa sababu yangu. Kesho kutwa madaktari wanaamua kuhusu mguu.

Nimeosha kikombe, nikaaga. 

Jumatatu, 22 Aprili

Nilifika saa moja kasoro robo, kabla ya mfagiaji. Mzee Sulle alipoingia nilisimama. Nimesema yote. Mchezo, sauti ya redio, mistari ya Jumatano na ile mingine ya kabla yake. Nilisema haraka nikiangalia vifungo vya koti lake.

Nilitegemea apige kelele. Aliketi. Akauliza ni mchezo gani huo, nikamwambia ni wa kusoma tu. Akatingisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri. Akaichukua ile barua, akaichana vipande, akavitia mfukoni. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikaenda kwa miguu. Nilimwambia Baba Martha nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akageukia ukuta. Mama Martha aliinuka, akafungua mlango, akasimama ameushika. Hakunitukana. Alisubiri nitoke.

Orodha ya getini ililetwa mchana. Gari letu halimo.

Jumatano, 24 Aprili

Wameukata. Chini ya goti.

Ijumaa, 10 Mei

Bado nipo ofisini. Mzee Sulle anasema nitaondoka mwisho wa mwezi, akishampata mtu anayejua redio. Hanisemeshi zaidi ya kazi. Kwa madereva alisimama uani akasema Baba Martha hakurudi ndani, hakubeba chochote, kosa lilikuwa la ofisi. Hakunitaja. Wanajua.

Baba Martha karudi Baray. Sijaenda. Nimetuma salamu kwa mtu, hazijajibiwa.

Sauti ya redio nimeipandisha hadi mwisho. Sinywi hata chai nikiwa zamu. Leo saa kumi na nusu nilisikia dereva wa gari la pili akisema amefika ukingoni. Nilishika maiki nimjibu. Hakuwa akiniita mimi. Alimwita mwenzake aliyekuwa nyuma yake, na yule akajibu, "Nimekuandika, kaka." Madereva wananunua madaftari yao wenyewe sasa, moja kila gari, waandikiane saa.

Dakika chache baadaye aliniita na mimi. Nikamwambia, "Nimekupata," nikaandika saa.