Avoka za Madame Hélène

Dodo, leo hukuja ku masomo, uko wapi? Madame Hélène amejifungia mu biro, ofisi ya walimu! Dirisha iko na vyuma, hawezi kutokea, na Casimir amekaa pa benchi mbele ya mulango, anamungoja.

Alikuwa anatufundisha namna mfalme wa Ufaransa alifukuza Waprotestanti. Akauliza: « Na nyumba zao, nani aliingia? » Swali ya somo tu!

Casimir, ule muntu muzima anasoma na sisi, anakaa nyuma, akasimama. « Za Ufaransa sijui, Madame. Yetu ya hapa Likasi, mu 93, wakati walifukuza watu wa Kasai, sisi tukilala pa gare tukingoja treni, aliingia papa yako. »

Alimuambia « papa yako », Dodo! Mbele ya darasa nzima! Madame alikuwa mutoto wakati ule, lakini aliacha vitabu pa meza, akakimbilia mu biro.

Eti mama ya Casimir ndiye alipanda muti wa avoka mu ile lupango, mu kiwanja ya ile nyumba. Hana hasira hata. Anataka tu kuuliza kama ungali unazaa.

Lakini anajua unazaa! Kila wiki Madame analeta kikapo ya avoka za kwao, tunanyang'anyana. Casimir hajagusa hata moja.

Fungu yake nilikuwa nakula minye mwenyewe.