Nani Alikuwa Analisugua

Incheon, 9 Machi 2013

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi hii isiyoisha? Mama nikimpigia simu husema kila kitu kizuri. Hata kikohozi chake anakiita moshi wa jikoni. Simwamini. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye simu huisikii tena.

Mimi sijambo. Bado nipo kwenye yadi ile ya kuchambua mabaki ya majengo yaliyobomolewa. Zege tunaliponda linakuwa kokoto za barabara, mbao zinasagwa na kugandamizwa kuwa mbao mpya, chuma kinarudi tanuruni. Ungefurahi, wewe unayenyoosha misumari iliyopinda. Kitu kimoja tu hakirudi: mabati ya asbesto, yale ya saruji na nyuzi, kama ya paa letu. Hayo wanakuja watu waliojifunika nguo nyeupe mpaka usoni, wanayafunga kwa plastiki mara mbili, yanazikwa. Vumbi lake likiingia kifuani halitoki.

Watu wa wilaya watakuja kuliondoa paa letu mwezi wa nne. Nakuomba usiliguse. Nendeni kwa shangazi mpaka wamalize.

Binti yako,
Geum-ran

Haenam, 2 Mei 2013

Geum-ran mwanangu,

Marahaba. Magoti bado yananibeba, sina la kulalamika. Vitunguu saumu vimekubali sana mwaka huu. Wewe unakula vizuri huko?

Hao wenye nguo nyeupe walikuja wakakuta kazi imeisha. Nilipanda na Mzee Pyo wa jirani, tukayashusha wenyewe. Usinikaripie! Si wewe unayeringa kwamba huko hakitupwi kitu? Sasa bati zima, halijatoboka, likazikwe? Mazima nimeezekea banda la kuku. Yaliyovunjika nimezungushia matuta ya vitunguu. Moja nimeliweka juu ya matofali, nikawasha moto, tukachoma nyama ya tumbo la nguruwe kama zamani. Mafuta yanateremka kwenye mifereji yake vilevile. Mzee Pyo alikunywa soju, akaimba mpaka mbwa akakimbia. Mama yako hakula sana, alisema amechoka, lakini alilisugua kwa waya likang'aa.

Miaka arobaini tumelala chini yake. Lingekuwa la kuua, lingeshatuua.

Baba yako

Incheon, 7 Mei 2013

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo siulizi magoti.

Usifagie. Mwagia maji kila penye vipande, funika, usipige nyundo tena. Na Mama umpeleke Gwangju, hospitali kubwa, si kwa yule anayempa vidonge vya mafua kila mara. Nilimwuliza kwenye simu anakohoa tangu lini. Akacheka, halafu akakohoa mpaka akakata simu.

Niandikie upesi. Naogopa, Baba.

Geum-ran wako

Haenam, 28 Julai 2013

Mwanangu,

Natumaini joto la huko halijakuzidi. Nimechelewa kwa sababu sikujua niandike vipi.

Si moshi wa jikoni. Ni ngozi inayofunika mapafu, imeota uvimbe, na haukatiki. Nilimwambia daktari ni mimi, ni yale mabati niliyoshusha. Akasema hapana, ugonjwa huu huchukua hata miaka thelathini kujitokeza. Akamwuliza mama yako kama aliwahi kufanya kazi kiwandani.

"Kiwanda gani, Daktari? Mimi ni mtu wa vitunguu."

"Na mabati ya asbesto?"

"Tulichomea nyama tu. Kijiji kizima kilichomea."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ubaya mkubwa si kula, ni vumbi. Akauliza, "Nani alikuwa analisugua?"

Mama yako akasema, "Mimi," akanifinya mkono nisiongeze neno.

Njoo umwone.

Baba yako

Haenam, 15 Novemba 2013

Geum-ran mwanangu,

Ulifika salama? Ahsante kwa yote uliyomfanyia mama yako, mpaka kumzika. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Wenye nguo nyeupe nimewaita mwenyewe. Wamechukua yote, ya kuku na ya vitunguu. Kijana mmoja akaniuliza, "Babu, hili mbona linang'aa hivi?"

Sasa nisikilize. Siku ile kwa daktari mama yako alinifinya ili nisikutaje wewe. Ulikuwa mdogo, mlikuwa mkilisugua pamoja pale kijitoni, yeye na mchanga, wewe na waya, mkishindana nani atamaliza upande wake. Mimi nilikaa nikala. Nenda ukapigwe picha ya kifua. Nenda leo.

Baba yako

Haenam, 20 Desemba 2013

Geum-ran,

Hujambo? Umekwenda? Wamesema nini? Kimchi ya kabichi nimekutengea mtungi mzima, nimeichachusha mwenyewe, ina chumvi kupita kiasi, utanicheka.

Baba yako

Haenam, 3 Februari 2014

Mwanangu,

Tarishi amepita. Nilimwomba atazame tena mkobani, akatazama.

Jana taa ya simu iliwaka. Nikainua, nikasema, "Niambie, mwanangu." Nikasubiri, nikasema tena, nikaibana sikioni mpaka likauma. Kama ulikuwa wewe, sikusikia ulichosema.

Usinipigie. Andika, hata neno moja.

Baba yako