Taa Uliyoifuta Mara Tisa

Baba Watoto,

Nimeondoka kwa miguu. Gari usiliguse.

Chai iko kwenye chupa. Mtoto mdogo amechemka mwili kidogo tangu alfajiri, mpime tena saa nne.

Gari limetetemeka likanizimikia hapo getini, taa ya injini ikawaka. Nikachomeka kile kidude chako cha bei poa cha kusoma makosa ya gari chini ya usukani, nikaangalia kwenye ile simu yako ya zamani. Kumbe inatunza kumbukumbu! Silinda ya tatu haichomi mafuta vizuri. Kosa lile lile umelifuta mara tisa, kila Jumatatu kabla sijaamka. Halafu unanitazama usoni: “Gari liko sawa, Mama Watoto, si unaona taa imezimika?” Na mimi nawapakia wanangu humo!

Plagi mpya ya kuwashia hiyo silinda nimeikuta kwenye droo yako ya soksi, haijatolewa hata kwenye boksi.

~~Mpigie fundi.~~ Acha, nitampigia mwenyewe. Wewe utamwambia limepona.

Kipimajoto kiko juu ya friji. Kikipita thelathini na nane, usikizime ukasema mtoto hana homa. Chukua teksi, mpeleke zahanati.

Mama Watoto