Ombi Lako Limepokelewa

4 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na miguu haivimbi tena kwa kusimama kutwa hapo kliniki ya moyo. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta.

Nina habari inayokuhusu. Tovuti ya hospitali yenu iko mikononi mwa ofisi yetu, na Ijumaa nimeihamishia kwenye toleo jipya la programu inayoiendesha. Toleo la zamani lilikuwa limechoka, waliolitengeneza wameacha kuliziba matundu, na wezi wa mtandao wanazipenda sana nyumba za namna hiyo. Niliomba wiki moja nijaribu kwanza kwenye nakala ya pembeni, maana tovuti yenu imejaa viongezo, vijiprogramu vya ziada vilivyopachikwa na mafundi watano tofauti, kila mmoja na akili zake. Mkubwa wangu akasema wateja wengine wanasubiri, nifanye moja kwa moja. Nikafanya. Menyu ilipotea, picha za madaktari zikageuka miguu juu, nikahangaika mpaka jioni, lakini sasa kila kitu kimekaa mahali pake. Hata fomu ya kuomba miadi nimeijaribu. Nikajaza, nikabofya, ikaniandikia: "Ombi lako limepokelewa. Subiri kupigiwa simu."

Iangalie uniambie. Mkubwa hajui kusifia mtu, nimebaki na wewe.

Mziwanda wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, na miguu imepata nafuu. Wiki hii kliniki imepoa. Kila asubuhi nafungua sanduku la barua pepe za miadi, nakuta matangazo tu. Wagonjwa wa zamani wanakuja kwa tarehe zao, wapya hakuna. Daktari ananitania kwamba mji mzima umepona, tutafute kazi nyingine. Jana nilikunywa chai nimekaa kwenye kiti, nikaimaliza ikiwa bado ya moto.

Tovuti imependeza. Maandishi makubwa, nayasoma bila miwani. Hongera. Kula chakula cha kueleweka, usiishi kwa mkate.

Dada yako

16 Machi, asubuhi

Mdogo wangu,

Hujambo? Nakuandikia kwa haraka kwa sababu simu yako inaita tu.

Amekuja dereva mmoja wa lori, amemshika mkewe kiunoni, midomo ya mama yule imekuwa ya bluu. Nikamuuliza, tena kwa ukali, kwa nini hakuomba miadi mapema. Hakubishana. Alitoa simu akanionyesha picha ya ujumbe wa tovuti aliyoipiga: ombi la tarehe tano, limepokelewa, asubiri. Amesubiri siku kumi na moja. Nimepekua sanduku lote la barua, jina lake halimo. Mkewe tumemlaza, anapumua kwa mashine.

Yale maombi yanakwenda wapi?

Dada yako

18 Machi

Mdogo wangu,

Hujanijibu, nami sijui kama u mzima.

Nimewaeleza viongozi wa hospitali. Wakasema ofisi yenu imewahakikishia kwa maandishi kwamba tovuti haina tatizo, tatizo ni muuguzi wa miadi ambaye hasomi barua zake. Muuguzi huyo ni mimi. Nimeitwa nikajieleze mbele ya kamati mwezi ujao.

Hilo liweke pembeni. Kama kuna watu wamekwama huko ndani, wana majina na wana namba za simu. Nipe niwapigie. Maelezo utanipa siku nyingine.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua sistahili kukuuliza hali, lakini nakuuliza.

Orodha nimeiambatanisha. Ni watu hamsini na wanane.

Kiongezo cha fomu kilikuwa cha zamani na hakikuelewana na toleo jipya. Kiliendelea kupokea maombi na kuyahifadhi, na kuwaambia watu wasubiri, ila njia ya kuyaleta kwenu ilikuwa imekatika. Siku ile nilipoijaribu niliona maneno kwenye kioo cha kompyuta nikaridhika. Sikukupigia kukuuliza kama jaribio langu limekufikia. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Lakini si hilo linalonikosesha raha zaidi. Niliyapata majina haya tarehe kumi na sita, saa chache baada ya kusoma barua yako. Mkubwa aliniita, akafunga mlango, tukazungumza. Akasema njia nimeshaiunganisha, maombi mapya yanafika, na hao wa zamani wakichoka kusubiri wataomba tena. Akasema tukikiri, ofisi itafungwa na wenzangu kumi na wawili watarudi nyumbani. Nikamwitikia. Barua zako zote mbili nilizisoma siku zilipofika. Simu yako niliiangalia ikiita.

Leo nimenakili orodha, nimeacha funguo mezani kwake, nimetoka.

Mziwanda wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimepiga simu zote hamsini na nane, mimi mwenyewe, kwa siku mbili. Wengi wamekuja na tumewaona. Saba walishakwenda kwingine. Mke wa dereva anakaa kitandani na anakula.

Wanne wamekufa. Watatu walikufa kabla ya tarehe kumi na sita. Hao siwezi kukutwika peke yako. Uliomba muda ukanyimwa, na mimi niliona kliniki tupu nikafurahia kukaa.

Wa nne ni binti wa seremala, miaka kumi na tisa. Waliomba mara tatu, kisha wakaacha, wakiogopa kuonekana wasumbufu. Nilipopiga simu baba yake alinishukuru kwanza. Akasema, "Ahsante kwa kutukumbuka, mama, lakini tumemzika jana."

Alikufa tarehe ishirini.

Karakana yake iko nyuma ya soko la mbao, mlango wa kijani. Nenda. Usiniandikie mpaka uwe umekwenda.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nimekwenda jana. Nilizunguka soko mara mbili kabla ya kuingia. Alikuwa anapiga randa ubao wa kabati, akanivutia kigoda akidhani ni mteja. Nikamwambia mimi ndiye niliyeibadilisha ile tovuti. Akaweka randa chini. Nikamweleza kila kitu, hata tarehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake magotini, imejaa vumbi la mbao.

Akaniambia kwamba tarehe kumi na saba binti yake alikuwa amekaa kwenye kigoda hicho hicho, anamsomea vipimo vya kabati hilo, anapumzika kila baada ya namba moja. Kisha akaniuliza, "Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikamjibu, "Ofisini. Jina lake lilikuwa mbele yangu."

Hakunipiga wala hakulia. Alitafuta karatasi, akanipa na penseli yake ya kazi, akasema niyaandike niliyoyasema. Nikaandika yote: siku niliyojua, niliyekubaliana naye kunyamaza, na kwamba muuguzi wa miadi hakuletewa barua hata moja. Nikaweka jina langu kamili na sahihi. Nimemwambia anaweza kuipeleka popote, polisi au mahakamani. Nakala ya pili nimeiandikia kamati yako na nitaileta kwa mkono wangu.

Aliishika karatasi kwa muda, akaigeuza upande huu na ule. Kisha akanirudishia, akasema nimsomee, kwa sababu yeye hajui kusoma, na aliyekuwa akimsomea hayupo.

Nikasoma. Nilipomaliza akasema nisome tena, polepole, na nikifika kwenye zile tarehe nisimame.

Mziwanda wako