Miguu ya Mutua kwenye Mashine

Jumatatu, 11 Februari 1985
Nimefua, nimepika, nimemtazama Mutua akiinuka. Miaka sita, na bado huinuka kwa kujishika magoti. Jirani anasifu mashavu ya miguu yake yalivyo manene, eti atacheza mpira. Nilitaka kumfukuza. Ndugu yangu Musyoka alikuwa na miguu hiyo hiyo. Akaacha kutembea. Akafa kijana. Kesho daktari mgeni anampima Mutua kwa umeme, hospitali ya misheni. Kama shida ni neva, huenda ikatibika. Kama ni misuli, ni ile ya Musyoka.

Jumanne, 12 Februari
Siku mbovu. Mama mkwe alimpaka Mutua mafuta mpaka akang'aa. Eti mtoto wa kwetu haendi hospitali amepauka. Nami nikaongeza. Kufika, visahani vya mashine, vile vya kupitishia umeme, vikakataa kushika miguuni. Plasta inateleza tu. Nesi akasugua kwa spiriti, Mutua akalia, foleni ikanuna.

"Mama, hii mafuta yote ni ya nini? Rudi kesho, na usimpake kitu."

Aibu, kisha hasira. Nimekaa roho juu mchana kutwa.

Jumatano, 13 Februari
Nilimwogesha kwa sabuni ya kufulia. Miguu ikapauka kama ya mtoto asiye na mama. Watu walitazama. Shauri yao.

Umeme kwanza. Vidole vikaruka vyenyewe, Mutua akacheka. Daktari akasema neva ni nzima. Mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nikamkumbuka Musyoka.

Kisha sindano kwenye paja. Akaambiwa akaze mguu. Mashine ikatoa sauti kama mvua inayoanza kwenye bati. Daktari akasikiliza, akachomoa sindano.

Ni misuli.

Nikamweleza habari za Musyoka. Akasema ugonjwa huu mara nyingi hutoka kwa mama, na huwapata wavulana. Akauliza kama nina mvulana mwingine. Nilikuwa nimembeba mgongoni.

Ijumaa, 15 Februari
Baba Mutua amekuja kutoka kazini Kiboko. Hakunilaumu. Afadhali angefoka. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Najichukia.

Jumapili, 24 Februari
Baada ya kanisa, Kioko, mdogo wake Mutua, ametembea mara ya kwanza. Kutoka kwa nyanya yake hadi kwangu. Kila mtu akapiga makofi, Mutua kuliko wote. Nami nikapiga. Mama mkwe anataka tuchinje kuku. Maji yako motoni.