Namba Ishirini na Nne

Jumanne, 19 Julai 2016

Korongo, timu yetu ya besiboli, tumefungwa tisa kwa mbili, na hapa hapa Tolliver, mbele ya mashabiki wetu. Yorvis alikuwa mtupaji wa leo. Kaondolewa awamu ya tatu tu kati ya tisa. Alishuka kichuguu cha kutupia kichwa kimeinama, glavu kaibana kwapani.

Shemeji Duane, mdogo wa marehemu Ray wangu na bingwa wa kujua kila kitu, alifunga daftari lake pwaa! Eti kijana hana moyo. Eti anacheza huku kalala. Duane huyu anayeuza mbegu za mahindi, ambaye hajawahi kutupa hata kokwa!

Ulimi niliuuma.

Yorvis Landaeta anakaa kwangu tangu Aprili, klabu ndiyo iliyomleta, chumba kilichokuwa cha binti yangu. Wiki mbili zilizopita nilimkuta jikoni kiwiko kimezama kwenye ndoo ya barafu. Vidole viwili vimekufa ganzi, akasema. Akaniapisha. Wakijua watanikata, mama. Wakinikata viza imekwisha, narudi Maracay. Mama yake huko Venezuela anaamka alfajiri kupanga foleni ya mkate.

Nikaapa. Kwa jina la Ray. Sasa kila asubuhi namtazama akishika kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto, nami najifanya kipofu.

Jumatano, 20 Julai

Orodha imetoka. Damu inachemka!

Kila mwezi sisi wa safu ya nyuma ya kituo cha tatu tunapiga kura: chipukizi thelathini wa klabu yetu, kuanzia yule atakayefika ligi kubwa hadi yule anayepoteza wakati wake. Duane anajumlisha, anaandika maelezo, anaweka kwenye tovuti yake. Watu elfu nne wanasoma. Juni Yorvis alikuwa wa sita. Leo wa ishirini na nne! Na chini yake Duane kaandika: "Kasi ya maili tisini na sita kwa saa imekuwa tisini. Mvivu. Ameshiba mapema."

Ameshiba! Kijana anayefunga mkate wa jana kwenye karatasi kwa sababu hawezi kuona chakula kikimwagwa!

Nikampigia Duane.

"Hilo neno mvivu umelitoa wapi?"

"Kwenye macho yangu, shemeji."

"Basi kanunue miwani."

"Na wewe acha kumpigia kura mgeni wako."

Nikamkatia simu.

Lakini niandike ukweli wote, maana hapa hakuna wa kunisoma. Miaka kumi napiga kura hizo. Mwaka juzi ni mimi niliyempa yule mdakaji wa Ohio namba thelathini, nikasema ana miguu ya friji, safu nzima ikacheka. Sikujua anakaa kwa nani. Sikuuliza.

Mezani Yorvis aliniuliza neno moja la Kiingereza, maana yake nini. Ndilo lile la Duane. Nikamwambia ni mtu apendaye kupumzika. Akatabasamu kwa adabu. Maana yake alikuwa anaijua, bila shaka.

Ijumaa, 22 Julai

Sikwenda uwanjani. Nimechemsha mahindi kumi na mawili, sisi tuko wawili. Hasira haina hesabu.

Jumapili, 24 Julai

Nimefanya nini. Nimefanya nini!

Joto la kuyeyusha viatu. Zamu ya Yorvis tena. Tulikuwa watatu tu safuni: mimi, Duane, na mzee Orville, kinyozi mstaafu ambaye huamua ugomvi wetu wote kwa kutoamua. Awamu ya kwanza salama. Ya pili mipira ikaanza kwenda kombo. Mmoja ukampiga mpinzani wa Davenport mgongoni. Nikamwona Yorvis anakung'uta vidole, mara moja, haraka, kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

Duane akasimama, mikono kinywani kama tarumbeta: "Amka, namba ishirini na nne! Asubuhi hii!"

Safu za chini wakacheka. Mmoja akadakia: "Mleteeni mto!"

Yorvis aligeuka. Alitutazama. Alinitazama mimi, nimekaa pembeni ya yule anayemtukana.

Orville akasema taratibu, mwache kijana, Duane, hata farasi ana siku yake mbaya. Duane akajibu: "Farasi akiwa hivi anauzwa. Mimi mwezi ujao namtoa kabisa orodhani. Nafasi ya mtu anayejituma hiyo."

Ndipo nikalipuka. Nikasimama, kinywaji kikamwagika magotini kwa Orville.

"Anajituma kuliko ukoo wenu wote! Anatupa na vidole vilivyokufa ganzi! Analala na kiwiko kwenye barafu! Mnawapanga watoto wa watu kama ndama wa maonyesho, huyu ana kiuno, yule hana, halafu mnakwenda nyumbani kula!"

Hata muuza karanga alisimama.

Duane akaketi. Akafungua daftari lake taratibu sana.

Nikamwambia: Duane, usithubutu. Akasema, kunywa maji, shemeji, jua kali.

Jumatatu, 25 Julai

Kathubutu.

Saa mbili asubuhi, kwenye tovuti: "Kutoka chanzo cha uhakika, mtu wa karibu sana na mchezaji." Kiwiko. Ganzi. Barafu. Yote! Kilichobaki ni anwani yangu tu.

Nilikwenda dukani kwake. Nikapita magunia, nikapita wateja wawili, nikampigia ngumi mezani.

"Futa."

"Imeshasomwa na watu mia tisa."

"Ilikuwa siri!"

"Siri, shemeji? Umeitangaza mpaka muuza karanga kaisikia." Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo alipozidi kuniudhi, kwa sababu hakuwa na kejeli tena. "Nimemwita mvivu watu elfu nne wakisoma. Ulitaka nimwachie jina hilo? Nimemsafisha."

Kamsafisha! Kama anavyosafishwa samaki!

Nikaangusha rundo la makabrasha yake ya mbegu nikatoka. Mwanamke wa miaka hamsini na nane.

Jumanne, 26 Julai

Kocha kamwita Yorvis kabla ya mazoezi. Wamempeleka Des Moines kupigwa picha ya kiwiko. Kahojiwa saa nzima: tangu lini, kwa nini umeficha, nani mwingine anajua.

Karudi saa kumi. Alisimama mlangoni pa jikoni, hakuketi.

"Mama. Ulimwambia mtu?"

Nikasema hapana.

Nimeandika. Nilisema hapana, namtazama machoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Akasema basi itakuwa mtu wa chumba cha kubadilishia nguo, labda Kessler. Akapanda juu.

Kessler! Kijana wa watu ambaye humpa lifti kila siku!

Alhamisi, 28 Julai

Yorvis kakataa lifti ya Kessler. Katembea maili tatu juani.

Orville alipita na mkate wa tini wa mkewe. Akanifariji: huenda umemwokoa mkono, Nadine, picha ingechelewa ungekatika kabisa. Nikamwambia aondoke na mkate wake. Sitaki kupewa shukrani kwa nilichofanya kwa hasira.

Jioni nikagonga mlango wa chumbani. Nikamwambia: ni mimi. Uwanjani. Nilikuwa nakutetea. Na juzi nilikudanganya.

Akauliza jambo moja tu:

"Na wewe ulinipa namba ngapi?"

"Ya tano," nikasema. Ni kweli. Ikasikika vibaya kuliko uongo.

"Kwa hiyo na wewe ulinipanga."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 30 Julai

Picha imerudi. Kano ya kiwiko imechanika nusu. Klabu itaamua Jumatatu: ama wampasue na kumtunza mwaka mzima, ama wampe tiketi ya kurudi kwao. Kesho haruhusiwi hata kuvaa jezi.

Yorvis kamwomba Kessler msamaha. Niliwasikia barazani. Mimi hajaniambia neno.

Jumapili, 31 Julai

Naandika nikiwa uwanjani, daftari kwenye goti. Saa nane kasoro, mechi haijaanza.

Yorvis kaja! Nilidhani atakaa na wenzake. Kapanda ngazi zetu, shati la kawaida, mkono kwenye tanzi la kitambaa. Kafika safu yetu. Orville kasimama kumpisha. Kapita mbele yangu bila salamu, kaketi kwenye kiti cha Duane. Palepale penyewe.

Nikamwambia hapo pana mwenyewe. Akasema, najua.

Kisha kaniomba karatasi na kalamu. Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili nikampa. Anaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi zinapinda. Nimechungulia. Namba moja hadi thelathini, ukurasa mzima. Pembeni, majina yetu. Mimi, Orville, yule wa mto, muuza karanga. Bado anafikiri ayaweke wapi.

Duane anapanda ngazi. Soda mkono huu, sandwichi ya nguruwe mkono ule, anamtania mtu wa chini. Hajatazama juu. Sasa katazama. Kasimama.

Yorvis kamwinulia kalamu. "Njoo, mzee," anamwambia. "Wewe nimekuachia nafasi."

Orville ananishika mkono. Duane hasogei, soda inamdondokea kiatuni, na watu wa safu ya chini wameanza kugeuka, na kalamu ya Yorvis inashuka kwenye namba ishirini na nne.